Jina la Nne Halisomeki

Ilianza Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, wiki ya mwisho ya likizo ya Agosti. Dakika nazijua kwa sababu Mama alikuja akaweka simu yake juu ya kitabu changu cha kemia, na saa ilikuwa pale kwenye kioo, juu kabisa. Hakunisalimia. Alikuwa ametoka kwa kibanda chake hapa sokoni Kitale, anakoshona sare za shule, na tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Nisomee jina la nne," alisema.

Ilikuwa video yangu. Niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya Kuka, yaani babu yetu wa Bungoma. Mwisho wa video kuna picha yake akiwa amesimama shambani, nyasi za ng'ombe zimemfika kiunoni, na juu ya hizo nyasi yanapita majina ya watoto wake kumi. Tisa yalisomeka vizuri. La nne, ambalo ni la Mama, lilikuwa doa. Doa jekundu, kama mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya midomo halafu akapitisha kidole.

"Linasema nini?" Mama aliuliza tena.

"Ni lako."

"Sijauliza ni la nani. Nimesema usome."

Sikuweza kusoma. Nilikuza picha kwa vidole viwili, doa likawa doa kubwa.

Sasa lazima nieleze, kwa sababu mtu wa nje anaweza kufikiria ni jina tu. Mama ni mtoto wa nje. Kuka alimpata na mwanamke mwingine, na hakumficha. Alimlipia shule, na kila Krismasi alimtambulisha mbele ya watu kama mtoto wake wa nne. Lakini Kuka alipozikwa mwaka jana, zile karatasi za ibada zilikuwa na majina tisa. Watoto walipoitwa kwenda kuweka maua, walisimama tisa. Mama alikuwa ameketi nyuma na majirani, ua mkononi, na mimi kando yake. Baadaye mjomba wangu, kifungua mimba wa nyumba ile, alikuja akamwambia, "Karatasi irijaa, dada. Si kwa ubaya." Watu wa Bungoma wengine hugeuza L kuwa R, na mjomba ni mmoja wao. Hiyo "irijaa" nimeisikia kichwani mwaka mzima.

Kumbukumbu ilikuwa iwe Jumamosi hii. Mjomba alisema safari hii hakuna kuchapisha karatasi, ni kupoteza pesa. Video itaonyeshwa nyumbani kwa Kuka kwa ile runinga kubwa ya kanisa, na watoto wataitwa kwenda kaburini kwa kufuata majina ya video. Kwa hivyo video ndiyo ilikuwa orodha. Mama alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo.

"Siendi mahali sisomeki," Mama alisema. Akachukua simu yake.

Halafu akaniuliza lile swali. "Nani aliigusa?"

Nitaandika ukweli. Nilijibu, "Mimi niliituma ikiwa safi."

Ilikuwa kweli, lakini niliisema vile mtu husema akitaka mwingine akamatwe. Jumatano niliitazama video kwenye kompyuta ya studio ya video ninakosaidia, na kila jina lilikuwa limekaa vizuri. Nikamtumia mjomba. Mjomba akaiweka kwa grupu ya familia. Kati yangu na grupu kulikuwa na mkono mmoja tu.

Mama akampigia palepale, na spika akaiweka wazi.

"Kaka, simu yako iko na kifutio?"

"Kifutio gani, dada?"

"Hicho ulichopitisha kwa jina langu."

"Sasa hiyo ni maneno gani. Mimi hata picha ya simu sijui kufuta, nafutiwa na watoto. Nirituma virevire irikuja."

"Majina tisa yamekuja vizuri. Langu pekee ndilo limenyeshewa na mvua."

"Basi uriza mwenye aritengeneza."

"Usiingize mtoto kwa mambo yako."

"Si nimesema uriza tu. Ati kuuriza ni makosa?"

Mama akakata. Mimi ni mtu wa kunyamaza, darasani hata nikijua jibu huwa nasubiri mwingine alikose. Lakini kichwani nilikuwa naongea sana. Nilikumbuka jinsi mjomba alivyonipa majina kwa simu. Kwa jina la Mama nilimuuliza, "Ni L ama R, mjomba?"

"Ni R."

"R ya rangi?"

"Hapana. R ya rori."

"Lori ni L, mjomba."

"Si ndio hiyo nasema. Rori."

Siku hiyo nilicheka mpaka nikaziba simu kwa mkono, kisha nikanakili kutoka kwa kitambulisho cha Mama. Alhamisi sikucheka. Nilijiambia kwamba alitaka nikosee, aliponiona sikukosea akatafuta njia nyingine. Ukishaanza kumshuku mtu, hata matamshi yake yanakuwa ushahidi.

Nilichukua flashi yenye video, nikaenda studio.

Studio iko juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na ndani hunuka mbolea hata madirisha yakifungwa. Mwenyewe ni mama mmoja mpole ambaye sisi humwita anti. Hupiga video za harusi na mazishi katika vijiji vyote, kutoka kule Kwanza mpaka Naitiri, na likizo ananiacha nimsaidie kuandika majina ya wageni na maneno ya chini ya picha. Nilimkuta anakunywa chai na andazi, kibodi ameisukuma kando.

"Umekuja na video ama umekuja na kesi?" aliuliza aliponiona uso.

Nikamweleza. Niliongea polepole na kwa mpangilio, kwa sababu njiani nilikuwa nimeshaandaa. Nikamwambia nataka kuonyesha kwamba ilipotoka hapa ilikuwa nzima.

Akachomeka flashi. Akafungua. Jina la nne likapita juu ya nyasi, jekundu, jembamba, limelala kidogo upande kama mwandiko wa kadi ya harusi. Lilisomeka kila herufi.

Naona aibu kuandika hili, lakini nilifurahi. Si kwa sababu ya jina. Nilifurahi kwamba mjomba ana makosa.

"Usifurahie kioo kikubwa," anti alisema. "Kioo kikubwa husifu kila mtu. Hebu tutume kwa simu yangu, kwa njia ileile uliyotumia."

Tukatuma. Tukangoja ile duara izunguke. Ilipofika, akaigeuza simu upande wangu bila kuitazama kwanza.

Majina tisa na doa.

"Labda simu yako pia ina shida," nilisema.

"Simu yangu haina mjomba."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilijua kile kingefuata, lakini badala ya kukifuata nikatafuta mtu mwingine wa kulaumu. Jumatano, wakati wa kurenda, yaani kompyuta inapopika vipande vyote kuwa video moja, mimi nilitoka kwenda kununua mkate. Anti alibaki na mashine. Na anti ameolewa Naitiri, na mke wa mjomba ni mzaliwa wa Naitiri. Niliviweka hivyo viwili pamoja haraka sana, vikashikana.

"Anti, Jumatano nilipotoka, kuna kitu ulibadilisha?" Niliuliza nikiangalia sakafu.

"Uliza kwa sauti, sijasikia."

Alikuwa amesikia. Nikauliza kwa sauti.

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akafungua ile kazi yenyewe, sio video iliyopikwa bali vipande vyake vyote vikiwa vimepangwa, akabonyeza jina la Mama. "Majina tisa ni meupe na manene. Hili ni jekundu na jembamba. Rangi hii niliweka mimi?"

Nikatazama lile jina.

"Niliweka mimi?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Sikumjibu yeye, lakini hapa nitajibu. Nilitaka waone. Nilitaka runinga ya kanisa iwashwe, na wale tisa, na wake zao, na watoto wao wanaoniita "yule wa Kitale", wote wafike kwa jina la nne na macho yao yakwame. Nilichagua rangi kwa ajili yao, wala sikumuuliza Mama.

Anti alisema, "Njoo nikuonyeshe kitu." Akasogeza kile kidude cha kupunguza rangi mpaka sifuri, picha yote ikawa ya kijivu kama za zamani. Kuka alibaki. Nyasi zilibaki. Majina tisa yalibaki, meupe kabisa. Jina la Mama halikuwapo. Niliinama karibu na kioo nikalitafuta, na mahali pake palikuwa na nyasi tu, kijivu juu ya kijivu.

"Umeona? Kwa macho yako nyekundu na kijani ni mbali. Kwa mwanga ni jirani. Sasa sikiza. Mashine ikipika video huwa na daftari mbili, moja ya mwanga na moja ya rangi. Ya mwanga inaandika nukta zote za picha, moja moja. Ya rangi ni mvivu. Inachukua nukta nne zilizokaa pamoja inazipa rangi moja, eti mtagawana. Herufi nene itavumilia. Herufi nyembamba kama hii yako, upande mmoja nyekundu upande mwingine nyasi, wanachanganywa kwa sufuria moja. Halafu simu inakuja kupunguza ukubwa wa picha ndio itumwe haraka, inamaliza kile kilibaki."

"Lakini kwa kompyuta ilisomeka."

"Kwa sababu hapa ni kubwa, na wewe ulikuwa unajua kimeandikwa nini. Mtu hasomi jina la mamake, analitambua."

Tukaanza kulitengeneza. Nilitaka libaki jekundu, kwa hivyo nikalinenepesha. Tukatuma: likawa doa nene. Nikalizungushia mstari mweupe. Tukatuma: kwa simu likasomeka kwa taabu, lakini tulipolijaribu kwa ile runinga ya mgongo, zile nzito za zamani, ambayo anti huiweka kwa ajili ya wateja wazee, ule mstari ulitetemeka kama taa inayotaka kuzimika. Hiyo runinga ilikuwa muhimu, kwa sababu kukhu, mjane wa Kuka, ana ya aina hiyo, na aliomba diski yake mwenyewe. Tena tuligundua runinga ya mgongo hula kingo za picha. Majina mawili ya mwisho, ambayo niliyaweka chini kabisa, yalikatwa miguu. Kama tungempelekea kukhu vile, angetupigia yeye kuuliza ni nani amewakata watoto wake.

Anti akasema tuache kutengeneza video moja na kuilazimisha ivae nguo za watu wote. Tukatengeneza tatu. Ya runinga ya kanisa, herufi za kawaida. Ya diski ya kukhu, majina yamesogezwa ndani, mbali na kingo. Ya simu, picha imesimama wima, na majina hatukuyavuta kutoka ile ya kwanza bali tuliyaandika upya, makubwa, matano matano, tukaipika kwa ukubwa uleule ambao simu ingeipunguza, ili isipate la kupunguza.

Na jina la Mama nikaliweka jeupe, nene, kivuli cheusi kwa chini. Sawasawa na mengine. Nilichukua muda kabla ya kubonyeza. Niliona kama namwondolea kitu, na sikujua nimwombe nani ruhusa. Tulipotuma, lilifika likisomeka hata simu ikiwa mbali kidogo na uso.

Anti alifunga studio saa kumi na mbili. Nikarudi nyumbani na video ya simu.

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia. Nikamwonyesha. Alilisoma jina lake kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akarudisha nyuma, akalisoma tena.

"Kwa hivyo amekubali kulirudisha," alisema.

Hapo nilinyamaza, na kwa mara ya kwanza nilijua kunyamaza kwangu si upole kila wakati. Mambo yalikuwa yamejipanga vizuri. Jina limerudi, Mama angeenda Jumamosi, angeitwa wa nne, angesimama. Kilichotakiwa ni mjomba tu abaki mwenye makosa, na hilo hata yeye alikuwa amelizoea. Mama alitoa mawe mawili kwenye maharagwe, akayatupa.

"Na lile jekundu," alisema, "alitaka kusema nini nalo? Nyekundu ni ya mwalimu akikukosoa."

Nikasema, "Ni mimi, Mama. Rangi niliweka mimi. Ndiyo iliharibu."

Aliinua macho. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa tayari.

"Amekupigia?"

"Nani?"

"Mjomba wako. Amekupigia akuambie useme ni wewe?"

"Hapana."

"Anti wa studio, basi. Huyo si ni wa Naitiri?"

"Mama, hakuna mtu amenituma."

"Wewe huongei. Mwaka mzima huongei, mpaka walimu wananiuliza kama uko sawa nyumbani. Leo ndio unaongea, na unaongea kwa ajili yake."

Nikajaribu kumweleza zile daftari mbili, ya mwanga na ya rangi. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikakwama kwa nukta nne. Alinisikiliza vile hakimu husikiliza mwizi wa kuku. Kisha akasema, "Hiyo hadithi ni nzuri. Wamekufundisha vizuri." Akaingia ndani na sinia.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe mchana ule nilikuwa nimemshuku mjomba kwa sababu ya lori, na anti kwa sababu ya kijiji alichoolewa. Tofauti ni kwamba mimi nilionyeshwa. Yeye alikuwa ameambiwa tu, na ameambiwa mambo mengi.

Ijumaa asubuhi, kabla hajafungua kibanda, nilimwomba tupitie studio. Nilimwambia ni dakika kumi. Alikuja lakini alitembea mbele yangu, na kwenye ngazi alimsalimia anti kwa mkono bila kutabasamu.

Niliomba kiti cha kompyuta. Anti akanipa, akatoka nje kusimama kwa baraza, nafikiri kwa makusudi. Nilifungua ile picha ya Kuka kwenye nyasi. "Nipe jina lolote la wale kumi," nilimwambia Mama. "Wewe ndio uchague."

Hakufikiri hata kidogo. Alitaja la mjomba.

Nikaliandika mbele ya macho yake, nikalipaka nyekundu, nikalifanya jembamba, nikalilaza upande. Yale mengine nikayaacha meupe, na lake likiwemo. Nikaipika. Nikamwambia atoe simu yake, nikamtumia, na akaishika mwenyewe ili asiseme mtu ameigusa. Ile duara ilizunguka. Mama aliitazama kama anangoja matokeo ya hospitali.

Ilifika. Jina la nne lilisomeka. Jina la kwanza, la kifungua mimba, lilikuwa doa.

Mama alikuza picha kwa vidole viwili, kama nilivyofanya mimi jana. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikashtuka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kiganja mdomoni, machozi yakamtoka kweli.

"Masikini, ameisha," alisema. "Kifungua mimba mzima."

"Sasa unaniamini?"

Alijifuta macho na ncha ya leso. "Nakuamini. Yeye simwamini bado. Lakini hii si yake." Akanyoosha simu kwangu. "Mpigie. Umwambie mwenyewe, mimi nasikia."

Mjomba alishika kwa mlio wa pili, nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Mjomba, ni mimi. Lile jina ni mimi niliharibu. Nililiweka jekundu likakataa kuonekana kwa simu. Hukufuta kitu. Nimekosa kusema hivyo jana."

Ng'ombe akalia tena.

"Mimi si nirisema," alisema mwishowe. Halafu, polepole kidogo, "Sasa rinaonekana?"

"Linaonekana."

"Hiyo nzuri. Mama yako ako hapo?"

Nilimpa Mama simu. Alizima spika, akaenda nayo mpaka dirishani, na sikusikia aliloambiwa. Nilimsikia yeye tu akiuliza ibada inaanza saa ngapi, na kama ni saa hiyo ya kweli ama ni ile ya Bungoma. Mimi niligeuka kwa kompyuta, nikarudisha jina la mjomba kuwa jeupe, nene kama mengine, nikalisoma mara tatu herufi kwa herufi, ndipo nikaifunga.